Soya: Mgeni Aliyesahau Mizigo Yake

Mwaka 1907, Wajerumani wa taasisi ya kilimo ya Amani, katika milima ya Usambara, walipanda mbegu ngeni ya jamii ya mikunde: soya. Karne imepita na ziada, na hadi leo sisi Watanzania hatujaipa jina la kwetu. Songea na Mbeya hulimwa, lakini hutasikia kitoweo cha mababu kinachopikwa kwa soya. Sababu iko katika safari yake: mbegu ilifika, mizigo yake miwili ikabaki Asia.

Mzigo wa kwanza ni ujuzi wa jikoni. Uchina, ambako soya ilianza kulimwa maelfu ya miaka iliyopita, watu walijua kwamba punje hii haiendi tumboni hivi hivi. Ikiwa mbichi, ina kemikali zinazozuia mwili kumeng'enya protini, na dawa yake ni moto. Basi waliichemsha, wakaisaga, wakaikamua maziwa na kuyagandisha yakawa tofu, au wakaivundika kwa chumvi hadi ikatoa mchuzi mweusi. Wajapani wakaja na miso, Wajava wakaja na tempe.

Mchuzi huo ndio uliomfanya baharia Samuel Bowen apeleke soya ikapandwe karibu na Savannah, Georgia, Amerika, mwaka 1765. Lakini kufikia karne ya 20, wakubwa wa biashara walitafuta mafuta ya kukamua na mashudu ya kulishia mifugo. Afrika nayo iliipokea kwa jicho hilo hilo, zao la soko kuliko la chungu. Hata Nachingwea, kusini mwa Tanzania, baada ya mradi wa karanga wa Waingereza kuanguka mwaka 1951, soya ilijaribiwa kama zao la biashara.

Mzigo wa pili hauonekani kwa macho. Soya hujipatia naitrojeni kwa msaada wa bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi yake, na bakteria iliowazoea walikuwa haba katika udongo wetu. Mimea ikadumaa, majani yakawa manjano. Mkulima alitakiwa kupaka mbegu bakteria wa kununua, wasiopatikana dukani kijijini. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki iliyoko Ibadan, Nigeria, walizalisha aina za TGx, zinazopatana na bakteria wenyeji. Mzigo huo umepata mbadala.

Uliobaki ni ule wa jikoni. Gramu 100 za soya kavu zina takriban gramu 36 za protini. Maharage ya kawaida yana kama 22. Protini hiyo ina lisini nyingi, kijenzi ambacho ni haba katika mahindi, kwa hiyo soya na ugali ni ndugu. Lakini katika nyumba nyingi soya huishia kwenye uji wa lishe wa mtoto. Basi unayesaga unga huo, usiipeleke soya mashineni ikiwa mbichi: ichemshe, imenye, ianike, ikaange, ndipo usage.