Muziki wa Sikio Moja Moja, Spika ya Mtaa Mzima

Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kwenda kurekodi sahani za santuri za kampuni ya His Master's Voice. Sahani zile ziliporudi pwani hazikuwa starehe ya mtu mmoja. Santuri ilikuwa mali ya mwenye nayo, lakini sauti yake ilijaa sebule, ikatoka hadi barazani, ikamsimamisha mpita njia dirishani.

Redio haikuvunja desturi hiyo. Matangazo ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951, na baada ya uhuru Radio Tanzania Dar es Salaam ikawa studio kuu ya nchi. Bendi ilipanga vyombo, ikapiga kwa pamoja, na wimbo ukaenda kutokea kwenye redio yenye spika moja, iliyozungukwa na watu kumi. Hapakuwa na kushoto wala kulia. Kilichosikika pale ndicho kilichokuwepo.

Hedifoni ina ukoo mwingine. Mwaka 1910 Mmarekani Nathaniel Baldwin aliwauzia wanamaji wa nchi yake kifaa cha kusikilizia mawasiliano ya redio. Kilikuwa kifaa cha kazi, cha mtu mmoja aliyetakiwa kunasa ishara hafifu. John Koss alikigeuza kuwa cha muziki wa stirio mwaka 1958, na Walkman ya Sony ikakitoa barabarani mwaka 1979. Miaka miwili baadaye, 1981, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilifunguliwa, ambacho leo ni TaSUBa. Wakati dunia inajifunza kusikiliza peke yake, hapa ngoma ilikuwa ikifundishwa kwa kuzungukana.

Mimi hutengeneza muziki Bagamoyo, katika chumba cha kupanga chenye bati juu na mtoto mchanga ng'ambo ya ukuta. Hedifoni kwangu si anasa. Ndiyo studio yenyewe. Vijana wengi kuanzia Bunju, Mapinga hadi hapa Dunda wanafanya hivyohivyo. Tunatumia kifaa cha msikilizaji mmoja kutengeneza muziki utakaopigwa kwenye harusi, ndani ya basi na juu ya bodaboda.

Shida yake ni ya kimaumbile. Spika ya kushoto husikika na masikio yote mawili. Sauti hulifikia sikio la mbali kwa kuchelewa pungufu ya elfu moja ya sekunde, na ubongo hutumia uchelewaji huo kujua inatoka wapi. Hedifoni inakata njia hiyo. Kushoto kunabaki kushoto kabisa, na kila kitu kinaonekana kina nafasi. Mwaka 1961 mhandisi Benjamin Bauer alipendekeza dawa: chota sauti kidogo ya kila upande, icheleweshe, ipeleke upande wa pili. Leo zipo programu zinazofanya hivyo.

Besi nayo ina hila zake. Kwenye spika hugonga kifua. Kwenye hedifoni huishia sikioni, hivyo mtengenezaji huiongeza mpaka aridhike. Chumbani kuta zitaikuza zaidi, na uwanjani, pasipo ukuta, itasambaa.

Hata vitu vidogo hupotoshwa. Hukwe Zawose, Mgogo aliyeishi Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, alipiga ilimba ambayo tundu lake hufunikwa kwa utando wa buibui ili sauti ivume na kukwaruza kidogo. Katika hedifoni mkwaruzo huo husikika kama hitilafu, na mkono hutamani kuusafisha. Ukiusafisha, umeondoa ilimba.

Gharama ya haya yote niliiona Kerege, kwenye harusi. Kijana mmoja alikuwa amerekodi kwa simu wimbo wa harusi wa bibi yake, mzee wa Kikwere, miezi michache kabla hajafariki. Akauwekea biti. Ili sauti ya bibi izunguke kichwa chote, alitumia mbinu ya kuipanua: upande mmoja mawimbi yanapanda, upande wa pili yaleyale yanashuka. Kwenye hedifoni ilikuwa kama bibi amekukumbatia.

Mitambo ya harusini iliunganisha pande mbili kuwa moja, kama inavyofanyika mara nyingi. Kinachopanda kikikutana na kinachoshuka, vinafutana. Shangazi zake walikuwa wamesimama, khanga begani, wakisubiri kumsikia mama yao. Ngoma ikaingia, besi ikaingia, mahali pa sauti pakabaki patupu. Mmoja alimuuliza, "Mwanangu, mbona mama hayupo?" Hakuwa na la kujibu.

Ndiyo maana siiti kazi imekwisha mpaka nimebonyeza mono, nikapunguza sauti hadi kibaki kitu kimoja tu kinachosikika, na nikakitambua ni nini. Halafu naipiga kwenye spika ya simu iliyolazwa mezani, ambayo ndiyo redio yenye spika moja ya zama zetu.

Wimbo wa Kerege ulipona kwa sababu rekodi ya awali ilikuwa bado kwenye simu. Tulikaa jioni moja, tukairudisha sauti katikati bila kuipanua, tukashusha besi. Shangazi mkubwa alitumiwa siku hiyohiyo. Hana hedifoni. Huipiga asubuhi akifagia uwanja, simu ikiwa dirishani, na majirani wanamsikia mama yake.