Vienna, Mji wa Mtu wa Tatu

Juu ya meza yangu pana ramani ya mji wa Vienna, ulio mji mkuu wa nchi ya Austria. Nimeitia alama nne kwa wino mwekundu. Alama ya tano ni ya wino wa buluu, nayo si mimi niliyeitia. Nitaieleza mahali pake. Kando ya ramani liko daftari ambamo mdogo wangu wa kike na mimi twaandika kila shilingi tunayoweka akiba kwa ajili ya safari hiyo.

Hatujapata kukanyaga Vienna. Tuliujua mji huo kwa sinema ya zamani, isiyo na rangi, ambayo mwalimu wetu wa historia alituonyesha nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu. Baadaye nikaitafuta tena ili mdogo wangu naye aitazame. Labda msomaji atauliza: Je, sinema yaweza kuwa kiongozi wa kutegemewa kwa msafiri? Mimi naona yaweza, mradi mtu aihoji kama ahojivyo shahidi mahakamani, asikubali tu kila isemalo.

Sinema yenyewe yaitwa The Third Man, maana yake Mtu wa Tatu. Hadithi yake ilitungwa na Graham Greene, na aliyeiongoza ni Carol Reed, wote wawili Waingereza. Sehemu kubwa ya picha zake zilipigwa Vienna kwenyewe mwishoni mwa mwaka 1948, ikaanza kuonyeshwa mwaka 1949. Mwandishi mmoja wa Marekani, Holly Martins, afika Vienna kwa mwaliko wa rafiki yake, Harry Lime, akakuta kwamba rafiki huyo anazikwa siku hiyo hiyo. Kumbe Lime hakufa. Aliyezikwa ni mtu mwingine. Lime amejificha kwa sababu ya biashara yake ya magendo. Huiba penisilini katika hospitali za majeshi, akaizimua, kisha akaiuza kwa bei ya kuruka.

Ili kuielewa biashara hiyo, hatuna budi kuujua mji ulivyokuwa. Austria ilitwaliwa na Ujerumani ya Hitler mwaka 1938, ikaingia vitani pamoja nayo. Mwezi Aprili 1945 majeshi ya Urusi ya Kisovieti yaliuteka mji wa Vienna, na baadaye mwaka huo huo ukagawanywa baina ya Warusi, Wamarekani, Waingereza na Wafaransa. Katikati ya mji palikuwa pa wote wanne, nao walipokezana usimamizi wake mwezi kwa mwezi. Doria yao ilikuwa kichekesho kidogo: askari wanne, mmoja wa kila taifa, ndani ya gari moja, kila mmoja na lugha yake. Vifusi tuvionavyo katika sinema havikujengwa na mafundi. Kanisa kuu la Mtakatifu Stefano liliungua paa mwezi Aprili 1945, na jumba mashuhuri la opera lilikuwa limekwisha kupigwa kwa mabomu mwezi Machi. Chakula kilikuwa haba, makaa haba, dawa haba zaidi. Palipo na uhaba kama huo mlanguzi hakosi. Mkataba wa kuirudishia Austria uhuru wake ulitiwa sahihi tarehe 15 Mei 1955, na kabla ya mwaka huo kwisha majeshi yote manne yalikuwa yamekwenda zao. Tangu mwaka 1980 Vienna umekuwa mmoja wa miji yenye makao ya Umoja wa Mataifa, kama ulivyo Nairobi wetu.

Sasa tuitazame dawa yenyewe. Penisilini iligunduliwa na Alexander Fleming mjini London mwaka 1928, lakini miaka zaidi ya kumi ilipita kabla ya Howard Florey, Ernst Chain na wenzao wa Oxford kuweza kuitengeneza ya kutosha kumdunga mtu. Mgonjwa wao wa kwanza alikuwa askari polisi, Albert Alexander, mwezi Februari 1941. Vijidudu vilikuwa vimemla uso na kumharibu jicho. Akadungwa, akaanza kupata nafuu, hata akala chakula. Lakini dawa ilikuwa kidogo mno. Wataalamu wale walikusanya mkojo wake, wakaichuja ile penisilini iliyotoka mwilini ili wamdunge tena. Hata hivyo ikaisha, naye akafa mwezi Machi. Fikiri basi, ewe mwanafunzi: jambo ambalo watu wale walilipigania hadi tone la mwisho, mwingine analitia maji ili apate faida. Tena ipo hasara ya pili. Mwezi Desemba 1945, alipotoa hotuba yake ya tuzo ya Nobel, Fleming alionya kwamba dawa pungufu haiviui vijidudu vyote, bali huvifunza vile vinavyobaki kuishinda dawa.

Hapo ndipo sinema hii inaponigusa kuliko nyingine zote. Mdogo wangu alipokuwa na umri wa miaka minne alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Dawa ya kwanza aliyonunuliwa ilikuwa dawa kwa jina tu. Siku tatu zikapotea tukiingoja ifanye kazi. Alipofikishwa hospitali alitibiwa vema, akapona, lakini kusikia kwake hakukurudi tena. Watazamaji wengi huisifu sinema hii kwa muziki wake, uliopigwa na Anton Karas peke yake kwa zitha, ala ya nyuzi nyingi ilazwayo chali. Mdogo wangu hajausikia muziki huo. Yeye huzitazama nyuzi, maana mwanzoni mwa sinema zaonekana zikitetemeka, na asema zamtosha.

Ni yeye pia aliyeona jambo ambalo mimi sikuliona. Mkuu wa polisi ampeleka Martins katika wodi ya watoto waliodungwa dawa ya Lime, watoto wenye homa ile ile. Lakini sisi watazamaji hatuonyeshwi mtoto hata mmoja. Twaona uso wa Martins, twaona vitanda, twaona mwanasesere wa dubu akitupwa kando kwa kuwa mwenyewe hamhitaji tena, basi. Lime twamwona, tena ni mcheshi, atabasamu vizuri. Mdogo wangu alichukua karatasi akaniandikia: “Kaka, na wao walilazwa wapi?” Sikuwa na jibu.

Tulipokaa kupanga safari, mimi nilifuata nyayo za Lime, kama wafanyavyo wageni wengi. Alama ya kwanza ni uwanja wa Josefsplatz, ilipo nyumba aliyokaa katika hadithi. Ya pili ni Karlsplatz, ambako wageni huteremshwa katika mitaro ya maji machafu alimokimbizwa mwishoni. Huko sitakawia.

Ya tatu ni gurudumu kubwa la bustani ya Prater, lenye urefu wa mita 65 hivi, lililosimamishwa mwaka 1897 na mhandisi Mwingereza, Walter Bassett. Katika kijumba kimoja cha gurudumu hilo Lime afungua mlango, amwonyesha rafiki yake watu walio chini kama vidoadoa, amwuliza kama kweli angeona huruma kidoa kimoja kikiacha kujongea. Wengi huyakumbuka maneno hayo. Wachache hujua kwamba mwenye gurudumu lile alikuwa Myahudi, Eduard Steiner, aliyelinunua mwaka 1919. Wanazi walimnyang’anya mwaka 1938, na mwaka 1944 wakamwua huko Auschwitz. Wayahudi wa Austria wapatao 65,000 waliuawa kama yeye, na mtaa wa Leopoldstadt, ilipo Prater, ndiko wengi wao walikokuwa wakiishi. Gurudumu liliungua mwaka 1944; lilipozunguka tena mwaka 1947 lilikuwa na vijumba 15 tu badala ya 30. Nami sijui kama watengenezaji wa sinema waliikumbuka habari hiyo walipopanda na kamera zao. Sinema haiitaji.

Ya nne ni makaburi makuu, yaliyofunguliwa mwaka 1874, ambako tramu namba 71 huwapeleka watu. Wamo humo Beethoven na Schubert, na sinema hufika humo karibu na mwanzo wake na kuishia humo.

Mdogo wangu aliitazama ramani yangu kwa muda mrefu, kisha akachukua kalamu yake. Hospitali ya sinema haikutajwa jina, kwa hiyo akachagua hospitali kuu ya zamani, iliyofunguliwa mwaka 1784 na Kaisari Josefu wa Pili. Sikuweza kumpinga, kwa maana katika sinema wameambiwa wazi kuwa wazazi waliojifungua pia waliangamia kwa dawa ile, na hospitali hiyo ina historia ya wazazi. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis alifanya kazi humo. Mwezi Aprili, katika wodi yake, karibu wanawake 18 kwa kila 100 waliojifungua walikufa. Akatambua kwamba madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuwazalisha wanawake, akawaamuru wanawe mikono kwa maji yenye klorini. Mwezi Juni vifo vilikuwa karibu 2 kwa 100. Wakubwa wake wengi hawakumsadiki, naye alifariki mwaka 1865 kabla ya kusadikiwa.

Majengo hayo sasa ni ya chuo kikuu, na nyua zake zina miti na viti ambapo mtu yeyote aweza kukaa. Viza tutaombea katika ubalozi wa Austria ulioko Nairobi, tukisha timiza akiba yetu. Mpangilio wa siku nimeuandika upya katika daftari: asubuhi ya kwanza twaanzia penye wino wa buluu, na gurudumu litangoja hadi alasiri.