Rutuba, Mbolea na Ruzuku: Historia ya Maneno Matatu katika Mashamba ya Ubaruku

Miongoni mwa kazi ziletwazo mezani kwa mkuza istilahi, nyingi ni za sheria, uhasibu na sayansi. Chache sana huhusu jembe. Hata hivyo ni katika kazi hizo chache ambamo kosa la neno moja huweza kumgharimu mwananchi fedha alizozikopa. Mwandishi wa makala hii aliwahi kuletewa kijarida kimoja cha kilimo ili akihakiki. Ndani yake mfasiri alikuwa ameandika: "Pima mbolea kabla ya kununua mbolea." Aliyekusudiwa kuambiwa apime rutuba ya udongo wake, aliambiwa, kwa hakika, apime uzito wa mfuko dukani. Sentensi hiyo haikuwa na kosa la sarufi. Kosa lake lilikuwa la istilahi, na chanzo chake ni cha kihistoria. Makala hii inakusudia kuieleza historia hiyo kwa kutumia mfano wa Ubaruku.

Ubaruku ni kata ya Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya, katika bonde la Usangu. Maji yake hutoka katika mito ishukayo milimani na kuingia katika Ruaha Mkuu. Historia ya Usangu huwataja wahamiaji wa Kibaluchi miongoni mwa waliokieneza kilimo cha mpunga wa kumwagilia. Katika miaka ya 1970 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilipata hapo shamba kubwa la mpunga lililojengwa kwa msaada wa China. Na katika miaka ya 2000 shamba hilo likabinafsishwa. Wakulima wadogo nao wameendelea kulima majaruba yao kandokando. Basi hapa pana mahali ambapo mkulima wa kijadi, shirika la umma na kampuni binafsi wote wamelima udongo mmoja, na kila mmoja ameacha maneno yake.

Tuanze na neno rutuba. Asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni unyevu. Kiswahili kililipokea, kisha kikalisogeza hata likawa na maana ya uwezo wa ardhi kuotesha na kukuza mimea. Msogeo huo si wa ajabu. Mtu akaaye katika nchi ya kiangazi kirefu huona kwa macho kwamba penye unyevu ndipo penye mavuno. Lakini maana ile ya zamani ina hatari yake katika bonde kama la Usangu. Jaruba lililojaa maji huonekana kuwa na rutuba daima, ilhali maji si chakula chote cha mmea. Kwa kila tani moja ya mpunga ivunwayo, zao huwa limefyonza udongoni kilo zipatazo 15 hadi 20 za naitrojeni, katika nafaka na mabua kwa pamoja. Sehemu kubwa ya potasiamu hubaki katika mabua. Mabua hayo yakiuzwa au yakichukuliwa kwa malisho, nayo huondoka. Yakichomwa, naitrojeni iliyomo hupotea hewani. Wakulima husema "ardhi imechoka", na usemi huo ni sahihi zaidi kuliko tafsiri nyingi za ofisini, kwa kuwa unakiri kwamba udongo hufanya kazi na hupungukiwa.

Neno la pili ni mbolea. Mwenye kuzijua lugha za jirani atatambua kitenzi kubola, ambacho katika Kibemba, kwa mfano, maana yake ni kuoza. Ni rahisi kuona uhusiano wake na kitu kilichooza na kurudishwa ardhini. Kwa muda mrefu mbolea ilikuwa hiyo: majani, takataka na kinyesi cha wanyama. Kinyesi hicho kilikuwa pia na jina lake mahususi, samadi, neno jingine litokalo Kiarabuni. Yalikuwapo vilevile maarifa ambayo hayakuhitaji zizi. Wamatengo wa Mbinga, katika Mkoa wa Ruvuma, hulaza majani katika matuta yazungukayo vishimo, wakayafukia yaoze huku mmomonyoko ukizuiwa. Kazi hiyo huitwa ngoro, na neno hilo lastahili nafasi katika kamusi zetu za kilimo.

Badiliko kubwa lilikuja baada ya Uhuru. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilianza uzalishaji mwaka 1972, mwaka uleule ambamo Azimio la Iringa lilitangaza kwamba Siasa ni Kilimo. Mradi wa Taifa wa Mahindi ulipoanza katikati ya miaka ya 1970, mifuko ya mbolea ilisambazwa vijijini kwa bei iliyopunguzwa, na mikoa ya Iringa na Mbeya ikawa miongoni mwa ile iliyotumia mbolea nyingi zaidi nchini. Wananchi walipokiona kitu hicho cheupe, chenye chembechembe, kisicho na harufu ya zizi, walikiita mbolea ya chumvichumvi. Hapana kamati iliyokaa kulitunga jina hilo. Baadaye wakapata majina mengine mawili yaliyo bora: mbolea ya kupandia na mbolea ya kukuzia. Majina haya hayasemi kitu kimetengenezwa kwa nini. Husema kitumike lini. Kwa mkulima, hiyo ndiyo elimu ya kwanza aihitajiyo.

Hata hivyo jina mbolea, lililokuwa la kitu kioozacho na kuujenga udongo, sasa lilichukua pia kitu kinachoulisha mmea moja kwa moja bila kuongeza mboji. Neno likawa moja, vitu vikawa viwili. Mkulima aliyeacha samadi na kushika urea alijiona angali anatia mbolea kama baba yake alivyotia. Kumbe mmoja alikuwa akiweka akiba, na mwingine akitoa posho ya msimu.

Ndipo likaja neno la tatu. Ruzuku na riziki ni ndugu wa mzizi mmoja. Katika matumizi ya kale ni Mungu amruzukuye mja wake. Serikali ilipoanza kulipa sehemu ya bei ya mbolea, neno hilo lilipewa kazi ya uchumi. Lakini lilibaki na harufu ya asili yake: yaani kipaji kishukacho kutoka juu, ambacho mpokeaji haulizi hesabu yake. Hesabu ilikuwapo. Kiwanda cha Tanga kilitegemea malighafi kutoka nje na kilifungwa mwaka 1991. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1990 ruzuku ilipunguzwa hatua kwa hatua, na kufikia msimu wa 1994/95 ikawa imeondolewa. Mkulima aliyekuwa akiijua bei ya dukani tu, ndipo alipoitambua gharama.

Ruzuku ilirudi katika sura nyingine. Mwaka 2008 ulianza mpango wa vocha za pembejeo kwa wakulima wa mahindi na mpunga, ambao vocha ililipa takriban nusu ya bei ya mbegu na mbolea za ekari moja. Bei za dunia zilipopanda mno mwaka 2021 na 2022, ruzuku ilizinduliwa tena katika sikukuu ya Nane Nane jijini Mbeya, Agosti 2022, na mfuko wa kilo 50 wa urea ukauzwa kwa shilingi 70,000.

Hapa istilahi inagusa mfuko wa mkulima. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni. Mfuko wake wa kilo 50 una kilo 23 za kirutubisho hicho. Salfeti ya amonia ina asilimia 21. Mfuko wa uzito uleule una kilo 10 na nusu tu. Tuchukue mfano wa kukisia, kwamba mfuko wa salfeti unauzwa shilingi 40,000. Mnunuzi ataona amepata nafuu ya shilingi 30,000. Lakini akigawa atakuta kilo moja ya naitrojeni katika urea imemgharimu shilingi 3,043, na katika salfeti shilingi 3,810. Salfeti huongeza salfa, na penye upungufu wa salfa huenda ikafaa. Lakini huongeza pia asidi ya udongo. Uamuzi huo hauwezi kufanywa na mtu ambaye lugha yake inampa neno moja tu, mbolea, kwa mfuko na kwa kilichomo ndani yake. Na urea yenyewe, ikimwagwa juu ya maji ya jaruba na kuachwa, sehemu yake hupotea hewani. Kwa hiyo hata kirutubisho kilichonunuliwa si lazima kiwe kirutubisho kilichofika kwenye mmea.

Kwa sababu hizo twapendekeza mambo manne kwa wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali. Kwanza, rutuba itumike kwa hali ya udongo, wala isichanganywe na mbolea. Pili, kirutubisho kitumike kwa kilichomo ndani ya mfuko, na bei zitajwe kwa kilo ya kirutubisho pamoja na bei ya mfuko. Tatu, samadi, mboji na mbolea ya viwandani zitajwe kwa majina yake kila inapobidi, na majina ya kupandia na kukuzia yalindwe kwa kuwa wananchi wameyazoea. Nne, palipo na ruzuku, ielezwe ni sehemu gani ya gharama inayolipwa, na nani anayeilipa.

Kuna watakaosema kwamba mkulima hahitaji istilahi, bali mvua na bei nzuri. Ni kweli kwamba neno halioti jarubani. Lakini mkulima wa Ubaruku ambaye msimu ukiisha aweza kutenganisha kilichotoka udongoni, kilichotoka mfukoni mwake na kilichotoka hazina ya Taifa, ataijua faida yake na ataijua hasara yake. Asiyeweza kuvitenganisha atavuna magunia yaleyale, wala hatajua kama ameuza mpunga au ameuza shamba.