Manung'uniko yana historia yake

Kila Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, wasemaji jukwaani huyasifu maneno makubwa: umoja, uhuru, utu. Sijasikia aliyelisifu nung'unika, ingawa ndilo linalotamkwa kila siku kwenye foleni ya dirisha la dawa, mgonjwa anapoambiwa dawa hakuna, akanunue nje.

Litamke polepole. Ile ng' hupitia puani, na sauti yenyewe inakupa maana: mtu ana dukuduku lakini hathubutu kulisema waziwazi. Neno hili ni la Kibantu. Maneno lawama na shtaka ni ya Kiarabu, na asili ya shtaka ni kulalamika tu, kabla halijawa neno la mahakamani.

Jina baya nung'unika limelipata mimbarani. Katika Biblia ya Kiswahili, Waisraeli jangwani ndio wanung'unikaji wakuu, na wahubiri wamewafanya mfano wa utovu wa shukrani. Lakini tusome tena habari ya Mara, huko huko jangwani. Watu walikuwa wametembea siku tatu bila maji, na waliyoyakuta yalikuwa machungu. Wakamnung'unikia Musa, naye akamlilia Mungu, maji yakawa matamu. Kiu yao ilikuwa ya kweli, na ilisikilizwa.

Tanzania nayo iliwahi kuyapa manung'uniko ofisi. Katiba ya Muda ya mwaka 1965, iliyotufanya nchi ya chama kimoja, ndiyo iliyounda pia Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, chombo cha kwanza cha aina yake Afrika. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Chifu Erasto Mang'enya, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Makamishna walizunguka mikoani, wakakaa na wananchi waliodhulumiwa na wenye madaraka: huyu kafukuzwa kazi bila sababu, yule kawekwa ndani kwa amri ya mkubwa. Tume haikuwa na meno. Haikuweza kumwamuru afisa yeyote. Iliishia kumpelekea Rais taarifa. Hata hivyo mkulima asiye na wakili alipata mtu wa serikali wa kumwandikia malalamiko yake.

Mwaka 2001 kazi hiyo ilihamia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Lakini siku hizi anayeuliza kwa nini bomba la mtaani limekauka huambiwa aache kulialia. Jibu hilo ni aibu kwa kiongozi. Aliyeuliza anastahili kuambiwa maji yatatoka lini.