Taimu ataki: mbio ambazo mpinzani wako ni saa

Leo siasa tuiweke pembeni kidogo, tuongee magari. Juzi dogo mmoja alikuwa anaangalia video ya magari ya Sydney, yale yenye bawa kubwa nyuma kama meza. Akaniuliza, "Bro, hivi hawa wanashindana na nani? Mbona kila gari liko peke yake?" Swali zuri sana. Nimeona nilijibu kwa kirefu, maana kuna vijana wengi wanapenda hizi mambo ila wanaanzia mwisho badala ya mwanzo.

TAIMU ATAKI NI NINI?

Ni mbio za kukimbizana na saa. Unaingia kwenye uwanja wa mbio, unapewa nafasi yako, na mzunguko wako mmoja wa kasi kuliko yote ndio unaohesabika. Hakuna kupitana bega kwa bega wala kugombea kona. Anayezunguka kwa muda mfupi kuliko wote ndiye mshindi, basi.

Mashabiki wa Safari Rally watasema mbona hata kule magari yanaondoka moja moja na yanapimwa kwa saa. Kweli kabisa. Tofauti ni kwamba rali inajumlisha muda wa siku kadhaa kwenye vumbi na mawe. Huku ni lami, na dakika moja au mbili zinamaliza kila kitu.

Kwa kawaida mtu anatoka kwa mizunguko mitatu. Wa kwanza ni wa kupasha tairi na breki. Wa pili ndio wenyewe, unatoa kila ulichonacho. Wa tatu unaenda taratibu gari lipoe. Ukikosea kona moja kwenye ule wa pili, ujue umeuharibu wote.

ULIANZIA WAPI?

Japani. Wale mliocheza Gran Turismo 4 pale kwa jamaa wa PlayStation, uwanja wa Tsukuba mnaujua. Ndio huo huo. Uko mkoa wa Ibaraki, ulifunguliwa mwaka 1970, na urefu wake ni kama kilomita 2 tu. Magazeti ya magari ya kule, hasa Option, yalikuwa yanayakusanya magari ya gereji mbalimbali na kuyapima hapo ili ubishi uishe. Kila fundi alikuwa anajisifu gari lake ndilo kali, sasa saa ikawa hakimu. Kuzunguka chini ya dakika moja ikawa ndio alama ya gari la kweli.

Mwaka 2007 kampuni ya HKS ilipeleka Lancer Evolution yao inayoitwa CT230R, dereva Nobuteru Taniguchi, ikazunguka kwa sekunde 53.589. Watu walidhani mambo yameisha. Miaka ya 2010 akaja jamaa anayejulikana kwa jina la Under Suzuki na Nissan Silvia S15. Huyu si dereva wa kulipwa, ila akazunguka kwa muda mfupi kuliko ile gari ya kampuni. Hicho ndicho kinachonifanya niipende hii michezo. Saa haikuulizi umetoka kampuni gani.

Mwaka 2010 Australia nao wakaanzisha World Time Attack Challenge pale Sydney, kwenye uwanja wa kama kilomita 3.9. Ya kwanza ilichukuliwa na Wajapani na gari lao Cyber Evo. Mwaka 2019 Porsche inayoitwa RP968 ilishuka chini ya dakika 1 na sekunde 20. Lakini pale pale kuna daraja linaitwa Clubsprint, la watu wa kawaida wenye kazi zao, wanatengeneza gari usiku na wikiendi. Hao ndio ninaowaongelea leo. Na wengi wao wanatumia Impreza, Lancer na ndugu zake, magari yale yale tunayoyaona mitaani kwetu yakitoka Japani yakiwa yametumika.

KOSA LA WENGI

Mtu akipata hela kidogo, kitu cha kwanza ni tabo kubwa na eksozi ya kelele. Hapo ndipo ninaposema wanaanzia mwisho. Anayejua kuandaa gari la taimu ataki anafuata mpangilio huu.

1. BREKI. Niliwahi kupanda Altezza na binamu yangu, tunashuka Kitonga tukitokea Iringa. Jamaa alikuwa anajionyesha, anaingia kona kwa kasi kisha anakanyaga breki, kona baada ya kona. Mara tukasikia harufu kama ya kitu kinaungua. Kona iliyofuata akakanyaga, pedali ikaenda mpaka chini kabisa, gari haishiki. Alipiga gia ya pili, injini ikalia kama inataka kutoka, akavuta hendibreki kidogo kidogo, Mungu saidia tukasimama pembeni nyuma ya lori. Hakuna aliyeongea kama dakika tano.

Sikujua kilichotokea mpaka fundi mmoja aliponieleza. Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa moto. Piga hesabu: gari la kilo 1,300 likitoka kilomita 160 kwa saa mpaka 60, moto unaozalishwa unatosha kuchemsha lita 3 za maji ya bomba. Hiyo ni kona moja tu! Sasa mafuta ya breki nayo yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu yanabonyea wakati mafuta hayabonyei. Ndio maana pedali inazama.

Kingine, mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani. DOT 4 mapya yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, ila yakishanyonya maji kiwango kinashuka mpaka 155. DOT 3 ni 205 mapya na 140 yakiwa na maji. Kwa hiyo kabla ya siku ya mbio: mafuta mapya, toa upepo wote, weka pedi zinazohimili moto. Bei yake haifiki hata robo ya tabo.

2. TAIRI. Gari zima limeshikwa na barabara kwa vipande vinne, kila kimoja kama kiganja cha mkono. Injini ya nguvu kwenye tairi kipara ni kelele na moshi tu. Upepo nao ni somo: ukiingia na 28 tairi zikiwa baridi, zikipata moto zinapanda kwa 4 mpaka 6, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo wajanja wanaanza chini, wakitoka tu wanapima zikiwa bado za moto, wanarekebisha na kuandika kwenye daftari.

3. KUPOZA INJINI. Rejeta safi, mipira ya maji isiyo na nyufa, feni inayofanya kazi. Gari linalovumilia foleni ya Ubungo siyo lazima livumilie dakika kumi za kukanyaga mpaka mwisho.

4. OILI. Kwenye kona kali na ndefu oili inakimbilia upande mmoja wa sampo, pampu inavuta hewa, na hapo injini inaweza kufa. Watu wanachomelea vizuizi ndani ya sampo ili oili isikimbie. Kama huna hivyo, angalau hakikisha oili imefika alama ya juu ya kijiti.

5. SHOKAPU, UZITO NA USALAMA. Shokapu nzima ni bora kuliko springi zilizokatwa. Toa spea, jeki na mizigo yote. Mkanda na helmeti havina mjadala, wakaguzi hawakuruhusu kuingia bila hivyo.

6. NGUVU NA MABAWA. Sasa ndio ongeza. Na bawa ujue kazi yake: hewa inaligandamiza gari chini, na nguvu hiyo inakua mara nne mwendo ukiongezeka mara mbili. Kwa mwendo wa Mwenge kwenda Posta lile bawa ni pambo tu.

SIKU YENYEWE

Nati za tairi kaza kwa spana yenye kipimo, kisha zikague tena baada ya kutoka. Funga kila kitu kinachoning'inia. Betri isicheze. Jifunze bendera: njano ni hatari mbele, nyekundu zoezi limesimamishwa, punguza na urudi, bluu kuna mwenye kasi nyuma yako, nyeusi unaitwa wewe uingie. Ukirudi usivute hendibreki, breki bado ni za moto. Acha kwenye gia, weka jiwe kwenye tairi.

Na dereva je? Huyo ndiye spea ya bei rahisi kuliko zote. Mizunguko ya kwanza usitafute rekodi, tafuta mahali pa kukanyaga breki na mahali pa kutoka kwenye kona. Mwenye gari la kawaida anayejua mstari wake anamwaibisha mwenye tabo kubwa kila wikiendi.

NENO LA MWISHO

Najua kuna watakaosoma hapa wakatamani kujaribu usiku barabarani. Mshkaji, uwanja una nafasi ya kupotezea mwendo ukikosea, una watu wa bendera na gari la wagonjwa linasubiri. Barabara ya mtaani ina mama anauza vitumbua na mtoto anavuka kwenda dukani. Binamu yangu siku ile ya Kitonga alibahatika kuna lori mbele na siyo korongo. Mpaka leo hajawahi kunisimulia ile safari, ila Altezza yake inabadilishwa mafuta ya breki kila mwaka bila kukosa.

Mwenye swali au mafundi wenye cha kusahihisha, uwanja wa maoni uko wazi hapo chini. Tuelimishane, matusi hapana.