Unafuu Ulivyopita Buha: Kutoka Chumvi ya Uvinza hadi Sado ya Gulioni

Hakuna supamaketi kubwa ya bei nafuu iliyowahi kufungua mlango Kibondo wala Kasulu. Shoprite ya Afrika Kusini, iliyoingia nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliishia Dar es Salaam na Arusha, na mwaka 2014 ikafungasha virago. Nakumatt ya Kenya iliyorithi maduka yake haikuchukua muda nayo ikafilisika. Uchumi ilifunga mwaka 2015, na Game ya pale Mlimani City ikaaga mwaka 2022. Mkazi wa Kumsenga, kata iliyo Wilaya ya Kibondo, alizisikia habari hizo redioni kama anavyosikia matokeo ya ligi ya Uingereza. Chumvi, sukari, mafuta na sabuni zake aliendelea kuzinunua palepale alipozoea.

Hata hivyo, watu wa nyanda za juu za Kigoma wana historia ndefu ya kusaka bei rahisi, pengine ndefu kuliko ya wakazi wa Dar es Salaam. Kila zama imekuja na mtu wake aliyeathiri bei: mfalme, mkoloni, serikali ya ujamaa, mashirika ya misaada. Ukiifuatilia historia hiyo unagundua kwamba unafuu Buha, nchi ya Waha, ulitegemea sana swali moja: nani analipa gharama ya njia?

Tuanze na chumvi. Wanaakiolojia John Sutton na Andrew Roberts walichimba Uvinza mwaka 1967 wakakuta ushahidi kwamba watu walikuwa wakichemsha maji ya chemchemi na kupata chumvi tangu karne ya 5 hivi. Wakati wa kiangazi watu kutoka pande zote, Waha wakiwamo, walishuka hadi kwenye chemchemi za Malagarasi, wakapiga kambi, wakakata kuni, wakachemsha chumvi yao wenyewe na kupanda nayo milimani. Watawala wa eneo walichukua sehemu yao, na kilichobaki kilikuwa mali ya aliyetoka jasho. Chumvi hiyo ilibadilishwa kwa majembe, mbuzi na nafaka. Asiye na cha kubadilishana alikwenda na miguu yake.

Mgeni hakuwa na bahati hiyo. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita Buha akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, na mtawala wa eneo moja tu akamtoza hongo ya doti 75 za nguo. Alipoambiwa kuwa mbele kuna wengine wanaosubiri chao, alitafuta mtu wa kumwongoza, akatoroka usiku na msafara wake kupitia porini. Stanley aliandika habari hizo kwa uchungu mwingi, akiwaona Waha kama wanyang'anyi. Mimi naona walikuwa wanatoza ushuru kama halmashauri yoyote. Ila mfanyabiashara wa Ujiji aliyepita njia hiyo hakumeza hasara, na kila doti aliyotoa aliirudisha kwenye bei ya bidhaa.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa Ujiji na Kigoma lilikuwa jambo kubwa. Milimani bidhaa ziliendelea kutegemea vichwa vya wapagazi, kisha malori machache. Kutoka Kigoma hadi Kasulu ni karibu kilomita 90, na Kibondo iko mbele zaidi, kwa barabara ambayo masika iliifanya kuwa tope tupu. Serikali ya Kiingereza iliyokuja baada ya vita haikuwa na haraka ya kuitengeneza, kwa kuwa Buha kwao ilikuwa ghala la vibarua. Vijana walichukuliwa kwenda manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na kuanzia mwaka 1944 ofisi ya wenye mkonge iliyojulikana kama SILABU ndiyo iliyosimamia kuwaandikisha. Kwa familia nyingi duka la bei nafuu lilikuwa sanduku la mwana aliyerudi kutoka Tanga, na ndani yake blanketi, shuka na sufuria.

Wenye maduka mijini, wengi wao wenye asili ya Kihindi, walilaumiwa kwa ughali wa bidhaa. Walikuwa na faida yao, hilo halina ubishi. Lakini walikuwa pia na kitu ambacho maduka yaliyofuata hayakuwa nacho, yaani daftari la mkopo. Mkulima alichukua chumvi mwezi wa tatu akalipa baada ya mavuno.

Baada ya Uhuru serikali iliamua kuingia dukani yenyewe. Mwaka 1962 ilianzisha COSATA, chombo cha kuwapatia wananchi bidhaa kupitia ushirika. Hakikufika mbali. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaja Shirika la Biashara la Taifa, STC, lililokabidhiwa uagizaji na biashara ya jumla. Kusimamia kila kitu kutoka Dar es Salaam kulilishinda, na mwaka 1973 kazi ikagawiwa kwa kampuni za biashara za mikoa, RTC. Mwaka huohuo ilitungwa sheria ya kudhibiti bei, na Tume ya Bei ikawa na madaraka ya kupanga bei ya bidhaa, kuanzia jembe hadi kiberiti.

Kwa mkoa wa mbali kama Kigoma mpango huo ulikuwa na mvuto wake. Mkulima wa mahindi wa Kibondo aliahidiwa bei ileile ya mwenzake aliye karibu na reli, kwa maana kwamba gharama ya njia ililipwa na taifa zima. Wakati huohuo Operesheni Kigoma, iliyoanza mwaka 1972, ilikuwa imewahamisha watu kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika na kuwaweka katika vijiji vya pamoja. Kijiji kikishakuwapo, duka la kijiji lilionekana jambo rahisi.

Ndipo ikaja Operesheni Maduka. Mwezi Februari 1976 Waziri Mkuu Rashidi Kawawa aliagiza maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika na ya vijiji. Viongozi wa mikoa waliitekeleza kwa kasi. Wenye maduka walinyang'anywa leseni kabla ya yale ya kijiji kuwa na rafu, mtaji au mtu anayejua hesabu. Bidhaa zikapotea, malalamiko yakazidi, na baada ya muda mfupi serikali ikaisimamisha operesheni. Mwenye duka aliyeondoka, hata hivyo, hakurudi kwa sababu tu amri imebadilika, na lile daftari lake la mkopo liliondoka naye.

Miaka iliyofuata ndiyo wazee wanayoisimulia hadi leo. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala fedha za kigeni, viwanda vikakosa malighafi. Dukani kulikuwa na bei nafuu iliyobandikwa ukutani na rafu tupu chini yake. Sukari ikifika, habari zinaenea kabla gari halijazima injini. Watu walipanga foleni tangu alfajiri, wengine wakiweka jiwe au kikapu kushika nafasi huku wakienda shamba. Mjini kila kaya iliandikishwa kwenye duka lake, duka la kaya, na mgawo ukatolewa kwa kadi. Sabuni ilipokosekana watu walifua kwa majani ya mpapai. Unga wa mahindi ya njano ya msaada, unga wa yanga, ukawa chakula cha wasiokuwa na kingine. Mwenye kimemo kutoka kwa bwana mkubwa alipitia mlango wa nyuma.

Bei rasmi ilikuwa ya chini, ila bei halisi ilikuwa ya mlanguzi. Katika mikoa ya mpakani mlanguzi alikuwa na njia nyingine, ya kuvuka. Kibondo na Kasulu zinapakana na Burundi, lugha za pande mbili zinaelewana, na undugu ni wa tangu zamani. Maharage na mahindi vilivuka kwenda, sabuni, nguo na vitenge vikarudi. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi, wengi waliogopa, na wako waliotupa bidhaa zao mitaroni wasikutwe nazo. Kamatakamata hiyo haikuzijaza rafu. Zilianza kujaa baada ya bajeti ya mwaka 1984 kuruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na baada ya Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, kushika urais mwaka 1985. Bidhaa zikarudi, ghali.

Sura iliyofuata inaihusu Buha kwa karibu, na ndiyo inayostahili kusimuliwa polepole. Mwezi Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na mamia ya maelfu ya watu wakavuka mpaka. Mwaka 1996 Wakongo nao walikimbia vita, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa Kasulu. Malori ya misaada yakapanda milima ambayo malori ya RTC yalikuwa yakiipanda kwa kusuasua. Kwa mara ya kwanza shehena kubwa za chakula zilifika Kibondo na Kasulu kila mwezi, na nauli yake ililipwa na wafadhili wa mbali.

Mkimbizi aliyepewa mahindi na mafuta alihitaji pia ndizi, mboga, nyama na kuni, hivyo akauza sehemu ya mgawo wake. Mwenyeji akaleta ndizi, akarudi na mafuta. Makopo ya mafuta ya msaada, yenye maandishi ya Kiingereza kuwa si ya kuuzwa, yalizagaa magulioni, na yakiisha mafuta yaligeuka kuwa vyombo vya nyumbani. Utafiti wa Jennifer Alix-Garcia na David Saah, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba katika kaskazini magharibi ya Tanzania vyakula visivyokuwamo kwenye misaada vilipanda bei sana, na vile vya misaada havikupanda kwa kiasi hicho. Mwenye shamba alifaidi, na kibarua asiye na shamba alinunua maharage kwa bei ya moto. Kwa hiyo anayekuambia kuwa kambi zilileta unafuu, na anayekuambia kuwa zilileta ughali, muulize kwanza alikuwa anauza au ananunua.

Mpaka nao ulifungwa na siasa. Pierre Buyoya alipotwaa madaraka Bujumbura mwezi Julai 1996, nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vilivyodumu hadi Januari 1999. Biashara haramu ikapata msimu mzuri. Wimbi lingine la wakimbizi lilikuja mwaka 2015, kambi ya Nduta ikafunguliwa tena Kibondo, na Mtendeli ikafuata Kakonko. Masoko ya pamoja ya kambi, ambako wenyeji na wakimbizi walikutana kwa ruhusa, yalichangamka hadi mwaka 2019 yalipofungwa kwa amri. Wachuuzi wa vijiji vya jirani walipoteza wateja. Mtendeli yenyewe ilifungwa mwaka 2021.

Ahadi zote zimepita, gulio limebaki. Lina siku yake kwa wiki, na kabla jua halijachomoza malori na pikipiki zinashusha mitumba, dagaa wa Ziwa Tanganyika, mawese, sabuni za mche, maharage na unga wa muhogo. Muuzaji halipi pango la mwezi wala bili ya umeme. Analipa ushuru wa siku, anauza haraka, anahamia gulio la kesho. Karl na Theo Albrecht, ndugu wawili wa Essen waliokuza duka dogo la mama yao likawa Aldi, walijenga utajiri wao kwa akili hiyohiyo baada ya Vita vya Pili vya Dunia: bidhaa chache, mapambo hakuna, mali itoke mapema.

Tofauti iko kwenye kipimo. Katika duka la Albrecht uzito umeandikwa kwenye pakiti. Gulioni kipimo ni sado, kopo la rangi la lita 4. Liangalie vizuri kabla hujanunua maharage. Mara nyingi kitako kimegongwa na nyundo hadi kikaingia ndani, na kwa macho ya anayetazama kutoka juu kopo limejaa hadi kilele. Muuzaji huyohuyo akienda kununua kwa mkulima huchukua sado nyingine, yenye kitako kilichotuna kwa nje.

Kisha kuna ughali wa kununua kidogokidogo, ambao maskini wanaujua na wachumi wanauandika. Januari 2024, wakati wa uhaba wa sukari, Bodi ya Sukari iliweka bei elekezi ya rejareja kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo, kutegemea mkoa. Tuseme kilo ni 3,000. Robo ikiuzwa 800 na kifuko cha gramu 100 kikauzwa 400, mwenye robo amelipa 3,200 kwa kilo na mwenye kifuko amelipa 4,000. Aliye na fedha ndogo ndiye aliyelipa bei kubwa, bila mlanguzi wala mpaka kufungwa. Kaya 10 zikichanga kununua mfuko wa kilo 50 duka la jumla, kila moja inaondoka na kilo 5 kwa bei ya mfuko. Vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa vina kila kitu kinachohitajika kufanya hivyo, na visivyofanya vianze.

Halmashauri za Kibondo na Kasulu zinakusanya ushuru kwa kila anayetandika turubai gulioni. Sehemu ndogo ya ushuru huo inatosha kununua mzani mmoja mkubwa kwa kila gulio, uhakikiwe na Wakala wa Vipimo, uwekwe wazi langoni, na mnunuzi aruhusiwe kupima alichonunua kabla hajaondoka. Madiwani waliingize jambo hili kwenye bajeti ijayo.