Mafuta ya Karafuu na Baridi ya Kipupwe

Mvua za masika zikiisha na pepo za kusi zikishika nguvu, pwani na visiwa vyetu huingia katika kipupwe. Baridi yake si ya theluji, na mgeni atokaye Ulaya aghalabu hucheka amwonapo mvuvi wa Pemba kajitanda shuka alfajiri ya mwezi wa Julai. Lakini wenyeji waijua. Vifua hubana, mafua huenea nyumba hadi nyumba, na mifupa ya wazee huuma usiku. Ndipo kichupa cha mafuta ya karafuu hutolewa kilikofichwa. Matone machache huchanganywa na mafuta ya nazi, mgonjwa akasuguliwa mgongoni na kifuani. Nyumba nyingine humfukiza kwa majani ya mkaratusi na mchaichai, naye akatoka ndani ya shuka akitiririka jasho.

Vijana wengi hudhani kwamba dawa hii ilikuwako hapa tangu enzi za mababu wa mababu. Sivyo. Mkaratusi ni mti wa Australia, na mkarafuu nao ni mgeni. Tunaloliita desturi ya nyumba zetu lina umri mdogo kuliko linavyofikiriwa, na namna lilivyotufikia si jambo la kupitiwa haraka.

Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo. Waholanzi walipovitawala visiwa hivyo waliihodhi biashara ya karafuu kwa ukali, hata wakaikata mikarafuu iliyoota nje ya sehemu walizozichagua wenyewe, ili bei isishuke. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifaulu kuipata miche, ikapandwa Mauritius. Kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa mkarafuu ukafika Unguja mapema katika karne ya 19, na Sayyid Said bin Sultan alipoona jinsi unavyostawi, akahimiza upandwe kwa wingi.

Lakini nani waliupanda? Vitabu vya zamani hupenda kumtaja mwenye shamba. Waliofyeka misitu, wakachimba mashimo na kumwagilia miche, walikuwa watumwa waliochukuliwa kutoka bara, wengi wao kutoka pande za Ziwa Nyasa. Karafuu haimsubiri mchumaji: ni tumba la ua, nalo sharti lichumwe kwa mkono kabla halijafunguka. Kwa hiyo mashamba yalidai watu wengi, na kadiri mikarafuu ilivyoongezeka ndivyo misafara ya watumwa ilivyozidi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ikafutwa kisheria mwaka 1897. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kilikuwa kimeiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba, iliyosalimika zaidi, ikawa tangu hapo ndicho kisiwa cha karafuu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitwaliwa na Serikali, na wakulima wakagawiwa eka tatu tatu.

Sasa tuyarudie mafuta. Vichala vikishashushwa mtini, jamaa hukaa jioni kuchambua, kazi ambayo hasa ni ya wanawake na watoto. Karafuu huwekwa upande mmoja na vikonyo vyake upande mwingine, kisha vyote huanikwa juani. Vikonyo hivyo, yaani makonyo, vilihesabiwa kuwa bidhaa duni, vikauzwa kwa bei ndogo na kusafirishwa ng'ambo kwenda kukenekwa huko. Mali iliyotupwa mkononi mwetu ikatajirisha viwanda vya wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndipo kiwanda cha makonyo kilipoanza kazi Wawi, karibu na Chake Chake.

Namna ya kukeneka si ngumu kueleweka, na walimu wa kemia wanaweza kuionyesha darasani. Mvuke hupitishwa katika makonyo yaliyoshindiliwa ndani ya pipa kubwa la chuma. Huyachukua mafuta, ukapita katika bomba linalopozwa kwa maji, ukarudi kuwa majimaji. Hapo mafuta na maji hujitenga. Mafuta mengi ya namna hii huelea, lakini ya karafuu ni mazito kuliko maji, basi huzama chini.

Nguvu yake imo katika kitu kiitwacho yujenoli, ambacho hutia ganzi. Kwa hiyo bibi atiaye pamba yenye mafuta ya karafuu katika jino bovu hakosei. Madaktari wa meno nao huchanganya yujenoli na oksidi ya zinki kuzibia meno kwa muda. Kwa mafua tuseme kweli: mafuta haya hayayafukuzi. Humpa mgonjwa joto la ngozi na harufu ya kumliwaza, na hiyo si haba usiku wa baridi. Ila yana ukali. Yasipochanganywa huunguza ngozi, na mtoto mdogo akiyanywa, hata kijiko kimoja au viwili vya chai, aweza kuzimia na ini lake likaharibika. Ndiyo maana tulisema kichupa hufichwa.

Je, dawa hii ni yetu? Sisi twaona kwamba ni yetu, ingawa mti wake si wetu kwa asili. Uzoefu wa kupima matone, wa kujua mafuta ya nazi yatangulie na nani asipakwe, ulikusanywa na watu wa visiwa hivi katika kazi yao wenyewe. Achambuaye karafuu tangu magharibi hulala viganja vyake vikinukia mafuta yale yale. Na waliozichambua mwanzo, katika mashamba ya mabwana, hawakuwa na kichupa chochote.